Nilikwenda Cambridge kutafuta mchezo wa mwanangu

IKIWA una mtoto nyumbani aliyefikia umri wa kuota ndevu, bila shaka unayajua malumbano ya jioni. Wewe umerudi kutoka kazini umechoka, chakula kimekwisha kuandaliwa, naye amejifungia chumbani akicheza mchezo wa kompyuta. Unamwita mara ya kwanza, anaitika, "Nakuja." Unamwita mara ya pili, kimya. Mara ya tatu unaingia na kung'oa waya ukutani, na usiku huo watu wanakula ugali bila kusemezana.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nyumbani kwangu mtaani Buruburu, Nairobi, hadi nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza kwa semina ya wiki moja jijini London. Usiku wa kuamkia safari, mwanangu mwenye umri wa miaka 15 alinijia sebuleni nikifunga sanduku. Nilishangaa, kwa sababu tulikuwa hatujazungumza vizuri kwa siku tatu.

"Baba," akaniambia, "ukipata siku ya mapumziko, nenda mji wa Cambridge. Kuna jumba la kompyuta za zamani huko. Watu huruhusiwa kuzitumia. Tafuta mchezo uitwao Elite, uucheze, halafu uje unisimulie."

Nikamwuliza kwa nini asiutafute mwenyewe kwenye kompyuta yake. Akasema amekwisha kuuona, lakini anataka kujua ulivyokuwa kwenye mashine yake halisi ya miaka ya 1980. Tena akataka mimi ndiye niucheze.

"Tutaona," nikamjibu, kama nimjibuvyo siku zote. Macho yangu yalikuwa kwenye saa yangu ya mkononi, moja ya hizi saa janja zilizounganishwa na simu. Ilikuwa imetetemeka kunijulisha kwamba barua pepe imeingia.

Ikumbuke saa hiyo, msomaji. Tutairudia.

Mchezo wa nyuma ya daftari

Safari ya kwenda Cambridge si ndefu. Ukiwa London, panda garimoshi katika stesheni ya King's Cross, na kabla ya saa moja kupita utakuwa umefika ukipanda lile la kasi. Njiani utaona mashamba yaliyotandaa tambarare kama ya mpunga kule Ahero. Mji wenyewe nao ni tambarare, na labda ndiyo sababu baiskeli zimejaa kila mahali: zimeegemezwa kwenye kuta, zimefungwa kwenye vyuma vya ua, na nyingine zinakupita kasi usipojihadhari.

Chuo kikuu cha hapa kilianza mwaka 1209, na ndani yake mna vyuo 31 vyenye malango na nyua zao. Nyuma ya baadhi ya vyuo hivyo unapita mto Cam, ambako watalii huendeshwa kwa mashua bapa zinazosukumwa kwa upondo, sawa na mitumbwi ya kwetu Pwani. Watu wengi huja kuona hayo na kupiga picha. Mimi nilikuja na karatasi niliyoandikiwa na mwanangu, yenye majina ya mitaa.

Jina la kwanza lilikuwa Corn Exchange Street, barabara fupi katikati ya mji. Ukifika hapo usitazamie maajabu. Utakuta majengo ya chuo kikuu ya kawaida tu. Lakini katika mtaa huu ndimo kompyuta iitwayo EDSAC ilimoendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei, 1949, chini ya uongozi wa mwanasayansi Maurice Wilkes. Ilijaa chumba kizima. Ilikuwa na valvu zipatazo 3,000, zile taa za vioo zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu, na kumbukumbu yake ilihifadhiwa katika mirija iliyojazwa zebaki.

Mnamo mwaka 1952 mwanafunzi aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari, Alexander Douglas, aliifundisha mashine hiyo mchezo. Unaujua mchezo wenyewe, msomaji. Ni ule wa sifuri na msalaba ambao wanafunzi huuchora nyuma ya daftari mwalimu akigeukia ubao. Mchezaji alichagua mahali pa kuweka alama yake kwa kuzungusha kile kidude cha nambari cha simu za zamani, nayo mashine ikamjibu kwa vitone vya mwangaza kwenye kioo kidogo. Huo ni mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa ya kompyuta kuwahi kuonekana kwenye kioo.

Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Nilidhani michezo hii ilibuniwa na wafanyabiashara ili iwapotezee watoto wetu wakati. Kumbe mmoja wa mababu zake ulizaliwa ndani ya utafiti wa chuo kikuu, mtu akitaka kuelewa jinsi binadamu na mashine wanavyoweza kuwasiliana.

Saa iliyoshindwa na hali ya hewa

Kutoka hapo ni hatua chache tu hadi soko la mji, mahali paitwapo Market Hill ingawa hakuna kilima chochote cha kuonekana. Wachuuzi wamejipanga chini ya vitambaa vya rangi wakiuza mboga, mikate na nguo kuukuu. Kando ya soko hili ndiko kampuni ya Acorn, iliyoanzishwa mwaka 1978 na Chris Curry na Hermann Hauser, ilikokuwa na ofisi zake za mwanzo. Acorn ndiyo iliyounda kompyuta ya BBC Micro, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1981 na kuingia katika shule nyingi za Uingereza.

Usiseme hayo hayakuhusu. Mwaka 1985 kampuni hiyo ilipata chipu mpya iitwayo ARM, iliyobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber. Vizazi vya chipu hiyo ndivyo vinavyoendesha karibu simu janja zote duniani, na saa nyingi kama niliyokuwa nimevaa. Ukimtumia mama pesa kijijini kwa simu yako, ujue kwamba ukoo wa kile kilichomo ndani umeanzia katika mji huu wa baiskeli.

Ukivuka soko unatokea barabara ya King's Parade, yenye fahari kuliko zote hapa. Upande mmoja ni Chuo cha King's na kanisa lake refu la mawe, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1446. Upande wa pili ni safu ya maduka. Tafuta nambari 6. Hapo ndipo Clive Sinclair, aliyefariki mwaka 2021, alipokuwa na ofisi ya kampuni yake iliyokuja kuuza kompyuta ndogo za bei nafuu. Kompyuta yake maarufu, ZX Spectrum ya mwaka 1982, iliuzwa kuanzia pauni 125. Ilikuwa na vibonyezo vya mpira, iliunganishwa na televisheni ya nyumbani, na michezo yake iliingizwa kutoka kaseti kama zile tulizosikilizia muziki.

Lakini kabla ya ushindi huo Sinclair alipata pigo kubwa, na pigo lenyewe lilitokana na saa. Mwaka 1975 kampuni yake ya awali, iliyokuwa katika mji jirani wa St Ives, ilitoa saa ya mkononi iitwayo Black Watch. Ilikuwa nyeusi tititi, haina mishale, na ukiigusa ilionyesha wakati kwa tarakimu nyekundu. Iliuzwa pauni 24.95 ikiwa tayari, au pauni 17.95 ikiwa vipande vya kujiundia mwenyewe. Watu wakaichangamkia.

Ole wao! Betri zake zilidumu siku kumi hivi. Umeme mdogo unaotokana na msuguano wa nguo za nailoni uliweza kuiua chipu yake. Tena mwendo wake ulibadilika kulingana na joto na baridi, ikawa ni saa isiyokubaliana na yenyewe. Wengi walionunua vipande walishindwa kabisa kuviunganisha. Saa zilirudishwa kwa wingi, na kampuni ikapata hasara iliyoilazimu kutafuta msaada wa serikali.

Ukitembea kidogo kusini mwa barabara hiyohiyo, penye kona ya Bene't Street, utakuta saa nyingine ambayo hukosea kwa makusudi. Ilizinduliwa mwaka 2008 na mwanasayansi Stephen Hawking. Ni sahani kubwa ya dhahabu isiyo na mishale wala nambari. Wakati huonyeshwa na vimwanga vya buluu vinavyotokeza katika mianya. Juu yake amekaa mdudu wa chuma mfano wa panzi, wa kutisha, akifungua na kufunga kinywa. Jina lake maana yake ni mla wakati. Saa hiyo huchelewa, ikaharakisha, na huwa sahihi kabisa mara moja tu kila dakika tano. Kila saa inapotimia husikika mnyororo ukianguka ndani ya jeneza.

Nilipokuwa nikimtazama panzi yule, saa yangu ikatetemeka. Ilitaka kunipongeza kwa kutimiza hatua za asubuhi. Nikaisoma, nikaisogeza, nikajikuta nasoma na ujumbe wa ofisini, kisha na mwingine. Nilipoinua macho, watalii niliosimama nao walikuwa wamekwenda zao na wengine wamekuja. Panzi alikuwa bado anatafuna.

Mama asiyekuwa na nafasi

Hapo ndipo nilipotoka kidogo nje ya orodha ya mwanangu. Nilikumbuka kwamba Chuo cha King's ndicho alichosomea mwandishi E. M. Forster, na kwamba alirudi kuishi humo kuanzia mwaka 1946 hadi uzeeni. Nilipokuwa chuoni tulisoma riwaya yake ya A Passage to India, ya mwaka 1924. Nikaingia duka la vitabu katika barabara ya Trinity, nikanunua kijitabu chembamba chenye hadithi yake fupi ambayo sikuwahi kuisoma, The Machine Stops. Nikarudi, nikakaa kwenye ule ukuta mfupi ulio mbele ya chuo chake, na kwa muda wa saa moja sikujua nani apita wala nani asimama.

Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1909. Hebu fikiri: redio za majumbani hazikuwapo, na EDSAC ilikuwa bado miaka 40 ije. Lakini Forster anaeleza ulimwengu ambao watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja katika chumba chake kidogo kama nyuki ndani ya sega. Hawana haja ya kutoka. Wakitaka chakula, muziki, kitanda au daktari, hubonyeza kibonyezo. Wakitaka kuzungumza, huonana kwa sahani inayong'aa mkononi. Wanao marafiki maelfu na hawamgusi hata mmoja. Yote hufanywa na Mashine.

Yumo mama mmoja, Vashti, na mwanawe, Kuno, anayeishi upande wa pili wa dunia. Siku moja Kuno anampigia mamake na kumwomba aje waonane ana kwa ana. Mama anaona ajabu. Si wanaonana sasa hivi kwenye sahani? Tena ana shughuli nyingi, ana mihadhara ya kutoa, hana wakati wa safari. Kijana anashikilia kwamba anachokiona kwenye sahani si mamake.

Msomaji, nilifunga kitabu kwa kidole ndani.

Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba najua hadithi za namna hii huelekea wapi. Mtoto amezama katika mashine, mzazi mwenye hekima anamwokoa. Forster aliyapindua mambo. Kwake mzazi ndiye aliyezama, na mtoto ndiye anayebisha mlango. Nikamkumbuka mwanangu sebuleni, sanduku likiwa wazi kati yetu, akiniomba nicheze mchezo wake. Nikakumbuka nilivyomjibu, na mahali macho yangu yalipokuwa. Ama kweli nyani haoni kundule.

Sitakuharibia mwisho wa hadithi. Nitakuambia tu kwamba jina lake ni The Machine Stops, yaani mashine inasimama, na kwamba mama na mwana wanakutana tena wakiwa wamechelewa mno.

Miwani ya kadibodi

Nilisonga mbele hadi Chuo cha St John's. Hapa alisomea fasihi ya Kiingereza Douglas Adams, mwandishi aliyezaliwa katika mji huuhuu wa Cambridge mwaka 1952, mwaka uleule wa mchezo wa sifuri na msalaba. Kisa chake cha kuchekesha cha wasafiri wa angani, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, kilianza kama mchezo wa redio mwaka 1978, kikawa riwaya mwaka 1979. Mwanzoni kabisa anawacheka wanadamu kwa kuzistaajabia saa za tarakimu kana kwamba ni kilele cha maendeleo. Waingereza waliokuwa na Black Watch iliyokufa katika droo lazima walicheka kwa uchungu.

Mwaka 1984 Adams alishirikiana na Steve Meretzky wa Marekani kuigeuza hadithi hiyo mchezo wa kompyuta. Haukuwa na picha hata moja. Ulisoma maneno kwenye skrini, ukaandika unalotaka kufanya, nayo mashine ikakujibu. Ndani ya boksi mliwekwa miwani ya kadibodi nyeusi isiyopenyeza mwanga. Katika hadithi, miwani hiyo hugeuka giza kila hatari inapokaribia, ili mvaaji asiione na asiogope. Nadhani ni mzaha mkali kuliko unavyoonekana. Ni vingapi tunavyovaa leo, machoni, masikioni na mkononi, ili tusione kilicho mbele yetu?

Karibu na hapo, Bridge Street, ipo baa iitwayo The Baron of Beef. Humo, mwezi Desemba mwaka huohuo wa 1984, Sinclair alimvamia Curry wa Acorn, aliyekuwa zamani mfanyakazi wake, akampiga kwa gazeti lililokunjwa. Kisa kilikuwa tangazo la biashara la Acorn lililodokeza kwamba kompyuta za Sinclair huharibika upesi. Sisi wa magazeti tunafurahi kusikia kwamba karatasi zetu zina kazi nyingi.

Kisha nikatembea hadi Chuo cha Jesus. Mwanangu alikuwa amelipigia jina hili mistari miwili. Wanafunzi wawili wa chuo hiki, David Braben na Ian Bell, ndio waliotunga Elite, na ukatolewa na tawi la programu la Acorn mwezi Septemba mwaka 1984.

Sayari 2,048

Jumba nililotumwa, Centre for Computing History, liko Coldhams Road, upande wa mashariki ya mji, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu. Lilifunguliwa hapo mwaka 2013. Ukienda, ulizia kwanza siku za kufunguliwa. Si jumba la kutazama vitu nyuma ya vioo na kunyamaza. Kompyuta zimewashwa, viti vimewekwa, nawe unakaa na kubonyeza. Nilimkuta humo mnyama aitwaye Megaprocessor, mtambo aliouunda James Newman kwa mkono, urefu wake yapata mita 10 na kimo mita 2, uliojaa vitaa vyekundu vinavyokuonyesha jinsi kompyuta inavyofikiri. Watoto walikuwa wakichezea Tetris juu yake.

Nikamwuliza mhudumu kuhusu Elite. Akanielekeza kwenye BBC Micro yenye rangi ya maziwa na vibonyezo vyekundu juu.

Kabla sijakaa, acha nikueleze kwa nini watu bado wanauheshimu mchezo huu. Kompyuta hiyo ina kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Makala haya unayoyasoma, yakiandikwa humo, yangejaza karibu nusu yake. Picha moja ya simu yako huhitaji nafasi mara mia ya hiyo. Ndani ya kibaba hicho, Braben na Bell walitia galaksi 8, kila moja ikiwa na sayari 256, na kila sayari ina jina lake, serikali yake na bei zake za soko. Jumla ni sayari 2,048.

Waliwezaje? Hawakuzihifadhi sayari, walihifadhi mbegu. Walichagua nambari chache na kanuni ya hesabu, na kila mchezaji alipofika mahali, kompyuta iliikuza sayari ile papo hapo kutokana na mbegu yake, na kesho yake ikaikuza ileile tena.

Mchezaji anapewa chombo cha angani na salio dogo la fedha. Kazi yake ni biashara. Ananunua chakula katika sayari ya wakulima na kukiuza katika sayari ya viwanda, kama anayenunua viazi Kinangop na kuviuza Marikiti. Njiani kuna maharamia. Vyombo vyote ni mistari myeupe mitupu kwenye giza. Na ndani ya boksi la mchezo mliwekwa kitabu: hadithi iitwayo The Dark Wheel, iliyoandikwa na Robert Holdstock, mtunzi aliyekuja kutuzwa kwa riwaya yake Mythago Wood. Inamhusu kijana aliyempoteza babake katika shambulio la angani, naye anaingia katika maisha ya safari kumtafuta aliyemwua.

Mistari ile ya skrini haikuweza kukuonyesha kijana huyo. Ilibidi usome, kisha umbebe kichwani ukicheza. Mashine ilikuwa ndogo, kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi iliachiwa akili ya mtoto.

Kompyuta ya kando yangu walikaa babu mmoja na mjukuu wake, msichana wa miaka minane au tisa. Kiti kilikuwa kimoja, wamegawana nusu kwa nusu. Babu alikuwa akimwonyesha jinsi ya kuandika programu ya mistari miwili ya kulijaza skrini jina lake. Msichana alikosea, akafuta, akaandika tena. Jina lilipoanza kumiminika kutoka juu hadi chini, alimpiga babu yake bega kwa furaha. Hakuna aliyekuwa akitazama saa.

Nikakaa. Niliondoka katika kituo, nikaelekea anga, nikajaribu kurudi kutia nanga. Hapo ndipo penye taabu. Kituo kinazunguka polepole, na mlango wake ni ufa mwembamba. Lazima uzunguke nacho kwa mwendo uleule, kisha uingie katikati barabara. Nilivunja chombo mara nne. Saa yangu ilitetemeka. Safari hii alikuwa mwanangu.

"Baba, umeenda?"

Kidole changu kilikuwa karibu kumtumia kile kidole gumba cha njano ambacho humtumia kila siku, nikidhani nimemjibu. Badala yake nikatoka nje, kwenye baridi, nikampigia simu. Nikamweleza juu ya vibonyezo vyekundu, mistari myeupe na ule ufa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Unapeleka kasi sana, Baba. Simama kwanza mbele ya mlango, ujilinganishe, halafu uende taratibu."

"Nikirudi utanifundisha," nikamwambia.

Simu ikawa kimya kidogo. "Kweli?" akauliza.

Msomaji, swali hilo lilinikata. Mtoto huuliza hivyo anapokuwa amezoea kuambiwa "tutaona."

Sisemi kwamba sasa mwanangu aachwe acheze hadi alfajiri. Vitabu vya shule vipo, usingizi upo, na kung'oa waya bado ni haki ya mwenye kulipa umeme. Wala siseme tuzitupe saa zetu. Nasema tu kwamba tunapoanza kuhesabu muda ambao watoto wamepoteza kwenye skrini, tuanze na mikono yetu. Na kama mtoto anakualika ndani ya mchezo wake, ujue kwamba anakualika kwake.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Buruburu. Saa niliiacha katika droo ya chumbani. Mwanangu aliutafuta mchezo kwenye kompyuta yake, akanisogezea nusu ya kiti, nami nikakaa. Nilivunja chombo mara mbili. Mara ya tatu nilisimama mbele ya mlango, nikajilinganisha, nikaenda taratibu, na ule ufa ukanipitisha.

"Chakula!" mamake akaita kutoka jikoni.

"Tunakuja," tukaitika sote wawili.

Alituita mara tatu.